UZI: CD20 hasi haifuti limfoma. Alama za protini za limfoma ya plazimablasti, Kanda ya Ziwa

#1 HadubiniNyakato

Wakuu wa maabara, madaktari wa meno, matabibu na wauguzi wa Mwanza na mwambao wote, salaam.

Kuna aina ya jibu la patholojia inayoumiza wagonjwa, na chanzo chake ni kupima alama chache mno. Mtu mzima anayeishi na VVU ana uvimbe wa fizi unaokua kwa wiki chache, meno yanalegea. Kinyama kinakatwa. Kwenye hadubini zinaonekana seli kubwa zilizojazana, kiini cha mviringo, nukleoli moja kubwa katikati, na seli zinazogawanyika kila unapotazama. Maabara inatia rangi ya CD20 (alama ya seli B) na CD3 (alama ya seli T), zote zinatoka hasi, kisha jibu linaandikwa "uvimbe mbaya usiotambulika, hauelekei kuwa limfoma". Mgonjwa anapelekwa upande wa kasinoma, au anazungushwa hadi uvimbe unapanda kwenye tundu la jicho.

Ugonjwa wa kufikiria hapo ni limfoma ya plazimablasti, saratani ya seli B za kinga. Ilielezwa mwaka 1997 na Delecluse na wenzake kwa wagonjwa 16 wenye uvimbe wa kinywani, na 15 kati yao walikuwa na VVU. Kwenye uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 ikapewa nafasi kama ugonjwa unaojitegemea. Ni adimu, sibishi. Lakini inapenda kinywa, pua, utumbo, njia ya haja kubwa na ngozi, na inapenda watu ambao kinga yao imeshuka. Wagonjwa wa namna hiyo tunao.

Kwa nini CD20 inatoka hasi wakati ni limfoma ya seli B? Seli B inapoelekea kuwa seli ya plazima huvua CD20 na PAX5, kisha huvaa CD138, CD38, MUM1, BLIMP1 na XBP1. Limfoma hii imezaliwa katika hatua hiyo: kwa umbo bado ni blasti (seli kubwa changa), kwa protini ni seli ya plazima. Ukiitafuta kwa CD20 peke yake hutaiona.

Picha kamili inayotarajiwa ni hii. CD20 na PAX5 ni hasi au hafifu kwa seli chache. CD79a ni chanya kwa takriban 4 kati ya 10. CD45 (alama ya jumla ya seli nyeupe za damu) ni hafifu au hasi, na hapo ndipo wengi hupotea, maana tumefundishwa kuwa CD45 hasi maana yake si limfoma. CD138, CD38 na MUM1 ni chanya. Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) kwa kawaida hupita 90%. Takriban robo wana CD56, wachache wana CD10. HHV8 (kirusi cha Kaposi) na ALK (protini ya limfoma nyingine) lazima ziwe hasi. EBER (RNA ya virusi vya Epstein-Barr) ni chanya kwa takriban 7 kati ya 10, zaidi kwa wenye VVU. Nusu hivi wana jeni ya MYC iliyohama mahali pake.

Karibuni kwa maswali na nyongeza. Tuzungumze kazi.

#2 Igoma_Maabara

Asante mkuu. Swali la bajeti: kingamwili ni ghali na muda wake huisha chupa ikiwa bado nusu. Kama naweza kuweka alama sita tu za kuanzia kwa uvimbe wa seli kubwa usioeleweka, uniambie zipi.

#3 HadubiniNyakato

CD20, CD3, CD45, CD138, saitokeratini AE1/AE3 (alama ya kasinoma) na Ki-67.

Saitokeratini usiiondoe hata ukibanwa vipi. CD138 si mali ya seli za plazima pekee. Iko kwenye ngozi ya juu ya kinywa, iko kwenye kasinoma za skwamasi na kwenye kasinoma za tezi nyingi. Mtu akiona CD138 imewaka kwenye uvimbe wa fizi akaandika plazimablasti bila saitokeratini, amebahatisha. Vilevile EMA, alama nyingine inayotumika kwa kasinoma, huwa chanya kwenye nyingi ya limfoma hizi, kwa hiyo EMA haiwezi kusimama badala ya saitokeratini.

Sita hizo zikitoka CD138 chanya, saitokeratini hasi, CD20 na CD3 hasi, hapo sasa una haki ya kutumia fedha kwa awamu ya pili: MUM1, CD79a, PAX5, HHV8, ALK, kapa na lamda (minyororo myepesi ya kingamwili za seli B), pamoja na EBER. Zikitoka zote hasi pamoja na CD138, fikiria melanoma kwanza, weka S100 au SOX10. Na kumbuka MUM1 huwaka kwenye melanoma pia, kwa hiyo MUM1 chanya bila CD138 isikusukume kwenye limfoma haraka.

#4 DktMitoki

Napingana kidogo. Ki-67 katika sita za kwanza ni anasa. Seli zinazogawanyika unaziona tayari kwa hematoksilini na eosini, rangi ya kawaida ya slaidi. Ki-67 ya 95% iko kwenye Burkitt, iko kwenye plazimablasti, iko kwenye kasinoma ya seli ndogo. Haitenganishi. Mimi ningeweka MUM1 mahali pake.

#5 HadubiniNyakato

Dokta, kwa kutenganisha magonjwa uko sahihi. Ninaitetea kwa sababu nyingine: Ki-67 ni protini inayodhoofika haraka kinyama kikicheleweshwa kuingia kwenye fomalini. Ukiona seli zinazogawanyika tele kwa rangi ya kawaida, halafu Ki-67 inatoka 10%, kinyama chenyewe kimeharibika na hasi zako zote, pamoja na CD20 hasi, haziaminiki. Inafanya kazi mbili kwa tone moja. Maabara yenye njia nyingine ya kuhakiki uhai wa kinyama ifuate mpango wako.

#6 DktMitoki

Hoja hiyo naikubali. Lakini niongeze kontroli ya ndani, ambayo haina gharama yoyote. Kwenye slaidi ya CD20 tafuta seli B za kawaida pembezoni mwa uvimbe. Zikiwaka na uvimbe haujawaka, ni hasi ya kweli. Zisipowaka hata hizo, au usipoziona kabisa, andika "haiwezi kusomwa" na si "hasi". Kwa CD3 kuna seli T karibu kila mahali. Kwa CD138 tazama ngozi ya juu ya fizi kama imechukuliwa, au seli za plazima za kawaida chini yake. Kwa MUM1, hizohizo seli za plazima.

Kontroli ya nje iwe tonsili, na ipakwe juu ya slaidi ileile ya mgonjwa kama nafasi ipo. Tonsili moja inakupa CD20, CD3, CD45, Ki-67 kwenye vituo vya chipuko, CD138 kwenye ngozi ya juu na seli za plazima, na MUM1. Bloku (kinyama ndani ya nta) moja nzuri ya tonsili hudumu muda mrefu sana.

#7 Meno_na_Taya

Sisi tunaokata ndio tunaolaumiwa kwa vinyama vibovu, basi tuelezwe vizuri. Chupa ipi, dawa kiasi gani, na kile kipande chenye mfupa wa taya tukifanyeje?

#8 Fundi_wa_Nta

Mkuu umeuliza jambo ambalo ndilo roho ya uzi huu. Nitaandika kirefu.

Fomalini iwe 10% yenye bafa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini kali (ile ya 37 hadi 40%), mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa kuchemshwa, gramu 4 za NaH2PO4 yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za Na2HPO4 kavu. Pima pH, iwe karibu na 7. Fomalini iliyozimuliwa kwa maji ya bomba bila chumvi hizi hugeuka asidi inapokaa, na asidi hiyo huacha vumbi la kahawia kwenye kinyama ambalo baadaye litafanana na rangi ya kipimo.

Kiasi ni mara 10 ya ujazo wa kinyama, na ukipata mara 20 ni heri zaidi. Kinyama kiingie ndani ya saa moja tangu kikatwe. Kisikae kwenye chumvi ya dripu kikisubiri ndugu walipie chupa. Kisifungwe kwa shashi kavu, maana shashi hunyonya maji na kusinyaza ukingo wa seli, ambao ndio unaosomeka vizuri kuliko mahali pengine popote.

Chupa iwe ya mdomo mpana. Kinyama huingia laini kikipitishwa kwenye mdomo mwembamba, kikishakuwa kigumu kwa fomalini hakitoki tena bila kukatwakatwa.

Fomalini hupenya polepole, milimita moja hivi kwa saa mwanzoni, kisha kasi hupungua. Uvimbe wenye ukubwa wa limau ukitumbukizwa mzima, nje kutakuwa kumekolea na katikati kumeoza. Kwenye slaidi utaona CD138 kali pembezoni na weupe katikati, na mtu atasoma kuwa ni chanya kwa sehemu. Ukate vipande vya unene wa milimita 3 hadi 5 kabla hujafunga chupa. Muda wa kukaa humo ni saa 6 kwa uchache na 72 kwa wingi. Sampuli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ikikosa meli ya Ijumaa ikaja Jumatatu bado imo ndani ya muda huo, mradi iliingia kwenye dawa ya kutosha tangu mwanzo. Kinachoiua ni chupa kukaa juu ya dashibodi ya basi, juani. Iweke kivulini. Barafu haihitajiki kwa kinyama kilicho ndani ya fomalini, na kukigandisha kunakipasua.

Sasa mfupa. Kama kuna sehemu laini na sehemu ya mfupa, zitenganishe, chupa mbili, kila moja na lebo yake. Laini ndiyo itakayobeba kipimo. Mfupa ukae kwanza fomalini saa 24, kisha EDTA ya 14% yenye pH 7.2 hadi 7.4, unabadilisha kila siku moja au mbili hadi sindano ipite bila kukwama. Inaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Najua daktari anataka jibu kesho, lakini asidi ya naitriki au ya haidrokloriki inayolainisha kwa saa chache inateketeza RNA, na EBER yako itatoka hasi ya uongo. Fomiki ya 5 hadi 10% ni ya katikati: alama nyingi za protini hustahimili, EBER hubaki na mashaka. Vyovyote utakavyofanya, andika kwenye fomu umelainisha kwa dawa gani na kwa muda gani.

#9 Meno_na_Taya

Nimekupata sana. Na mahali pa kukata?

#10 Fundi_wa_Nta

Epuka katikati palipooza na penye usaha. Chukua ukingo ambapo uvimbe unakutana na nyama nzima, kipande chenye kina, usikwangue juu tu. Juu ya kidonda utapata chembe za inflamesheni ya kawaida na bakteria. Sindano nene ikitumika, toa vipande visivyopungua vitatu. Sindano nyembamba peke yake haitoshi kwa ugonjwa huu.

#11 Igoma_Maabara

Mikato yangu inabanduka kwenye slaidi wakati wa kuchemsha, na inayobaki ina rangi ya madoamadoa. Nachemsha kwenye beseni la maji, mwongozo wa kiwandani unasema nyuzi 98. Beseni halifiki.

#12 Fundi_wa_Nta

Halitafika. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu kidogo ya hapo. Kwa urefu huu maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Ukilazimisha 98 unapata mapovu, na mapovu ndiyo yanayong'oa mkato. Weka 95, hakikisha kwa kipimajoto kilichozamishwa ndani ya chombo chenye slaidi na si kwenye maji ya nje, kisha ongeza muda: badala ya dakika 20, jaribu 30 na 40 ukitumia tonsili, uchague muda ambao CD20 na MUM1 zinakolea bila kuharibu umbo la kiini. Ukiwa na sufuria ya presha, dakika 2 hadi 3 tangu ifikie presha kamili zinatosha, na hapo urefu kutoka baharini hausumbui sana.

Mfululizo wangu kwa mkono ni huu. Mkato wa maikroni 3 hadi 4 kwenye slaidi zenye chaji. Slaidi za kawaida hazishiki, usijaribu kuzibana. Acha mikato isimame wima ikauke kabisa, kisha tanuri nyuzi 60 kwa saa moja. Maji yakibaki chini ya mkato yatageuka povu wakati wa kuchemsha. Zailini mara tatu dakika 5 kila mara, alkoholi 100% mara mbili, 95%, 70%, halafu maji.

Bafa ya kuchemshia kwa kundi hili la alama: Tris na EDTA, pH 9. Lita moja ni gramu 1.21 za Tris, gramu 0.37 za EDTA yenye sodiamu mbili, rekebisha pH, kisha nusu mililita ya Tween 20. Sitreti ya pH 6 inafaa CD20, lakini MUM1 na PAX5 hutoka dhaifu kwayo. Baada ya kuchemsha acha chombo kipoe dakika 20 na slaidi zikiwa ndani. Ukizitoa zikiwa za moto zinakauka ghafla, na sehemu iliyokauka huwaka ovyo.

Peroksidi ya haidrojeni 3% dakika 10. Usiruke hatua hii, uvimbe wa fizi umejaa damu na damu ina peroksidezi yake yenyewe. Suuza kwa bafa. Kingamwili ya kwanza dakika 30 hadi 60 kwenye chumba chenye unyevu, boksi lenye kifuniko na karatasi iliyolowa chini linatosha. Suuza mara tatu. Polima yenye peroksidezi dakika 30. Suuza. DAB (rangi ya kahawia inayoonyesha alama) dakika 5, lakini itazame kwa hadubini kwenye tonsili badala ya kutegemea saa peke yake. Vaa glavu, DAB inashukiwa kusababisha saratani, na mabaki yake yasimwagwe sinki. Hematoksilini dakika moja au chini. Ikizidi itafunika MUM1, maana zote mbili zinakaa ndani ya kiini.

Madoamadoa kwa kawaida ni moja kati ya matatu: nta haikutoka yote, kingamwili haikufunika mkato wote, au kipande kilikuwa kinene na hakikukolea fomalini. Kama madoa yanafuata umbo lilelile kwenye kila alama, la tatu ndilo.

#13 Igoma_Maabara

Nta. Zailini yangu imetumika slaidi nyingi mno. Nabadilisha leo. Na umeme ukikatika usiku friji ikipata joto?

#14 Fundi_wa_Nta

Kingamwili zihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8. Kukatika kwa saa chache mlango ukiwa umefungwa si msiba. Hatari ni friji inayogandisha nyuma: chupa iliyoganda na kuyeyuka mara kadhaa hupoteza nguvu kimyakimya. Weka kipimajoto ndani, chupa zisiguse ukuta wa nyuma, na kila kundi la slaidi liwe na tonsili. Tonsili ikififia, chupa imekwisha hata kama tarehe bado.

Mashine ya kuchakata vinyama ni hatari kubwa zaidi. Umeme ukikatika kinyama kikiwa juu hewani, kinakauka. Kama betri ya akiba haipo, pakia vinyama mchana ukiwepo.

#15 Tabibu_Ukerewe

Madaktari, EBER ni ghali na si kila maabara inaifanya. LMP1 ni protini, inapimwa kwa njia hiihii ya kingamwili. Haiwezi kushika nafasi?

#16 DktMitoki

Hapana, Tabibu, na hili naomba lishikwe kwa mikono miwili. Katika plazimablasti virusi vya Epstein-Barr hujificha kwa namna ambayo LMP1 haitengenezwi kwa sehemu kubwa ya wagonjwa. LMP1 hasi haina maana yoyote hapo. EBER si protini, ni RNA ndogo ya virusi iliyo tele ndani ya kiini, ndiyo maana inaonekana hata virusi vikiwa vimenyamaza.

Mkiipeleka kwenye kituo kinachoifanya, ombeni kontroli ya RNA pia: kipimo kinachoonyesha kuwa RNA ya mgonjwa mwenyewe bado ipo. EBER hasi pamoja na kontroli ya RNA hasi ni kinyama kilichokufa, si mgonjwa asiye na virusi.

Na EBER chanya nayo ina mitego yake, hasa uvimbe ukiwa puani au nyuma ya pua. Kasinoma ya nasofarinksi isiyokomaa ina EBER chanya, na kwa kuwa ni ya ngozi ya juu CD138 inaweza kuwaka. Bila saitokeratini umekwisha. Limfoma ya seli NK na T ya puani nayo ina EBER chanya, CD20 hasi na CD56 chanya, na nimeshasema, naam HadubiniNyakato kasema pale juu, kuwa robo ya plazimablasti wana CD56. Hapo CD138 ndiyo nguzo, pamoja na CD3 na granzaimu B (alama ya seli NK na T) kwa upande wa pili. Msitegemee MUM1 kuwatenganisha, seli T zilizoamshwa huweza kuwa nayo.

#17 HadubiniNyakato

Niendelee hapo alipoishia dokta, maana baada ya kuondoa kasinoma bado kuna ndugu wa karibu wanaofanana.

Maieloma (saratani ya seli za plazima za uboho) yenye sura ya plazimablasti ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu alama za protini zinakaribia kuwa zilezile. Hapa slaidi haimalizi kesi. Tunahitaji elektroforesisi ya protini za damu, kalsiamu, kreatinini, wingi wa damu, picha za mifupa na uboho. Mifupa yenye matundu, figo zinazofeli na protini moja iliyozidi vinavuta kwenye maieloma. VVU, EBER chanya, uvimbe wa kinywani na uboho safi vinavuta kwenye limfoma. Mkitutumia kinyama bila historia, tutaandika "uvimbe wenye sura ya plazimablasti" na kuishia hapo, na tutakuwa waaminifu.

Limfoma ya seli B kubwa yenye ALK: CD138 chanya, CD20 hasi, inadanganya vizuri sana. ALK yake mara nyingi huonekana kama chembechembe kwenye saitoplazimu. EBER ni hasi na CD30 kwa kawaida hasi. Watu hawaipimi ALK kwa sababu wanaihusisha na seli T tu.

Limfoma ya majimaji ya mwili, pamoja na ile inayojitokeza kama uvimbe thabiti: HHV8 chanya, unaona nukta ndani ya kiini kwa kingamwili ya LANA-1. Maabara inayopima Kaposi tayari inayo chupa hiyo, itumieni na hapa.

Mtego wa mwisho ni CD30. Baadhi ya plazimablasti wanayo. Ukiwa na CD30 chanya, EMA chanya, CD45 hafifu, CD20 hasi, mkono unakimbilia kuandika limfoma ya anaplastiki ya seli T. Na wachache wana CD4, hata CD3 kidogo. Kabla ya kuandika seli T, weka CD138 na MUM1, na tazama kapa na lamda: moja ikiwaka kwenye saitoplazimu ya uvimbe na nyingine ikakataa, hizo ni seli za ukoo mmoja wa B. Kapa na lamda kwa kingamwili hujaa ukungu wa protini za damu. Someni ndani ya seli, si kati ya seli.

#18 Nesi_Bunda

Na mtoto wa miaka 6 mwenye uvimbe wa taya? Huku wapo.

#19 HadubiniNyakato

Kwa mtoto huyo anza na Burkitt, dada. Ugonjwa ule ulielezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili. Alama zake ni kinyume: CD20 kali, CD10 na BCL6 chanya, BCL2 hasi au hafifu sana, TdT hasi, Ki-67 karibu 100%. Na ni dharura, hukua kwa siku. Msisubiri awamu ya pili ya alama ndipo mpige simu ya rufaa.

#20 Igoma_Maabara

Swali la pembeni. Kwenye kinyama cha bandama naona chembe za kahawia hata kwenye slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza. Siyo DAB basi?

#21 Fundi_wa_Nta

Siyo. Ni rangi ya malaria au vumbi la fomalini yenye asidi, zinafanana mno na zote zinang'aa kwenye mwanga uliopolaraishwa. Kwa bandama ya mkazi wa huku malaria ni ya kwanza kushukiwa. Mkato ukipitishwa kwenye alkoholi iliyoshiba asidi ya pikriki, zote hufifia. Pikriki ikikauka hulipuka, itunzeni ikiwa na unyevu. Ndiyo sababu slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza ni ya lazima kwa kila mgonjwa.

#22 DawaZaSaratani_Kirumba

Naomba upande wetu wa matibabu usikike, kwa sababu jibu linaposema "limfoma" bila zaidi, tunabaki na maamuzi mabaya. Nahitaji kuona CD20 imeandikwa wazi pamoja na asilimia. Rituximab hushika CD20. Uvimbe usio na CD20 haufaidiki nayo, na mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini B anaweza kuamshiwa virusi hivyo bure. Kwa plazimablasti, CHOP (mchanganyiko wa dawa za kemotherapia) peke yake huonekana kuwa dhaifu. Wengi hupendelea EPOCH, mchanganyiko mwingine, yenye dozi inayorekebishwa pale damu na uangalizi vinaporuhusu, na maji ya uti wa mgongo hupimwa kwa sababu ugonjwa unapenda kupanda huko. ARV zinaendelea au zinaanzishwa, isipokuwa zidovudini tunaiepuka kwa kuwa inashusha damu pamoja na kemotherapia.

Kwa hiyo jibu lisitaje tu "chanya" na "hasi". Liandike kila alama, ilipowaka (utando, kiini au saitoplazimu), nguvu yake, asilimia, na kontroli ilisemaje.

#23 Tabibu_Ukerewe

Na sisi kwenye fomu ya kuomba tuandike nini?

#24 DktMitoki

Umri, mahali halisi pa uvimbe, umekua kwa muda gani, hali ya VVU na CD4 ya karibuni (wagonjwa wa ugonjwa huu mara nyingi wako chini ya 200, ingawa si wote), kama ameshatumia steroidi au rituximab, saa kinyama kilipokatwa na saa kilipoingia fomalini. Steroidi hata za siku chache zinaweza kuyeyusha limfoma na kutuachia kinyama kilichooza. Rituximab ya awali inafuta CD20 hata kwenye limfoma iliyokuwa nayo, hapo tunategemea PAX5 na CD79a.

#25 Igoma_Maabara

La mwisho kwangu: kinyama kidogo cha sindano, na awamu mbili za alama. Nakikosa kabla sijafika EBER.

#26 Fundi_wa_Nta

Kinaishia kwenye mashine ya kukatia, si kwenye rangi. Kila ukirudisha bloku kwenye mashine unapoteza mikato ya kusawazisha uso. Kwa hiyo kata mara moja tu: mmoja wa hematoksilini na eosini, kisha 15 mfululizo kwenye slaidi zenye chaji, zikiwa na namba kwa mpangilio. Tumia sita kwa awamu ya kwanza. Zilizobaki tisa: MUM1, CD79a, HHV8, ALK, kapa, lamda, EBER, kontroli ya RNA, na moja isiyo na kingamwili. PAX5 isubiri, ikihitajika ichukue nafasi ya ALK pale EBER ilipotoka chanya. Zihifadhi kwenye boksi lililofungwa, kwenye friji, na uzitumie ndani ya wiki chache. Mikato iliyokaa hewani miezi hupoteza protini, Ki-67 na zile za kwenye kiini zikitangulia. Na ukituma bloku kwenye kituo kingine, ifunge na karatasi inayosema ni mikato mingapi imeshatolewa, ili fundi wa huko asiisawazishe upya mpaka ikaisha.